Kazi Isiyo na wa Kuulizwa



Tarehe 25 Oktoba 2018, katika nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York, iliuzwa picha ya mwanamume mnene aliyevaa koti jeusi na ukosi mweupe, uso wake umefifia kana kwamba mchoraji aliinuka kabla ya kumaliza. Wakadiriaji walisema itafika kati ya dola 7,000 na 10,000. Ilinunuliwa kwa dola 432,500. Picha hiyo inaitwa Edmond de Belamy, na mtu wa jina hilo hakuwahi kuishi. Vijana watatu wa Paris, waliojiita Obvious, waliilisha kompyuta picha za watu zipatazo 15,000 zilizochorwa Ulaya kati ya karne ya 14 na ya 20. Sehemu moja ya programu ilitengeneza sura mpya, na sehemu ya pili ikajaribu kuitambua ile iliyotoka kwa mashine. Zikashindana hivyo mpaka ya pili ikaanza kudanganyika. Chini pembeni, mahali ambapo mchoraji huweka saini, iliandikwa fomula ya hisabati.

Nimeombwa niseme kama kazi ya namna hii ni ubunifu wa kweli au ni uigaji. Jibu langu nitalitoa mapema ili mjue ninakokwenda: naamini swali lenyewe limeshika mahali pasipo na uzito. Kuiga hakuiondoi kazi katika sanaa, na upya hauiingizi. Mimi nauliza nani anaijibia kazi. Fomula haiwezi kuulizwa kwa nini uso umefifia, na kwa hiyo saini ile si saini.

Lakini nisiwarukie wanaoitetea mashine. Hoja zao ni nzito kuliko tunavyozichukulia, na wengi wetu tunaozipinga tunazipinga kwa sababu dhaifu.

Sababu dhaifu ya kwanza ni kusema kwamba mashine haiwezi kuleta kitu kipya. Neno hili ni la zamani. Mwaka 1843 Ada Lovelace, alipoandika maelezo juu ya mtambo wa hesabu aliokuwa akiusanifu Charles Babbage, alisema mtambo ule hauna uwezo wa kuanzisha jambo, unafanya tu lile tunalojua kuuagiza. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1950, mwanahisabati Alan Turing alimjibu kwamba yeye mashine zilikuwa zinamshangaza mara nyingi sana. Na Turing alikuwa na haki. Machi 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilicheza na Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, na katika mchezo wa pili ikaweka kete mahali ambapo mabingwa waliokuwa wakitazama walidhani imekosea. Ikashinda mchezo ule. Hakuna aliyeifundisha hatua hiyo. Kama ubunifu ni kutoa kisichotarajiwa na chenye manufaa, basi tukubali kwamba mashine inabuni, tuache kubishana na kilicho wazi.

Sababu dhaifu ya pili ni kusema kwamba mashine inaiga. Nani haigi?

Hapa nataka tukae, maana jambo hili tunalo nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, na picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores kule Oysterbay. Miaka 4 tu baadaye, 1972, aliuawa kwa risasi ya polisi. Kazi ya miaka 4 ingeweza kufa naye. Haikufa, kwa sababu alikuwa amewakusanya ndugu na jamaa wakajifunza kwa kumtazama na kumwiga: January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Wakafundisha wengine, hao nao wengine, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Chui yule, ndege yule wa shingo ndefu, mbuyu ule, vimechorwa mara zisizohesabika na mikono isiyohesabika. Mtu akivumbua mtindo wa kuchora samaki na ukauzika, baada ya muda mfupi jirani yake naye anachora samaki.

Wakosoaji wa nje wamelidharau jambo hili, wakaiita sanaa ya watalii. Mimi sikubaliani nao. Kila nikitazama Tingatinga naona namna ambavyo sanaa nyingi duniani ilijengwa: mwanafunzi ameketi karibu na fundi, anakoroga rangi, anajaza mandhari ya nyuma, anaiga mpaka mkono wake unapopata tabia yake. Kwa hiyo mtu akisema mashine ni mwigaji, nami nikiwa nimetoka kuwasifu wanafunzi wa Tingatinga, ana haki ya kuniuliza nimeweka mstari wapi.

Naweka mstari katika kile kinachompata anayeiga. Mwanafunzi wa Tingatinga anajulikana kwa aliyemwiga. Akimharibia soko mwalimu wake, wataonana jioni. Akiongeza jambo, watalijadili pale pale chini ya mti, watalikubali au watalicheka, na yeye ataishi na kicheko hicho. Uigaji wake ni deni, na anaishi miongoni mwa wanaomdai.

Sasa tuitazame mashine ya leo. Programu za picha zilizotokea mwaka 2022, kama Midjourney na Stable Diffusion, hufunzwa kwa picha zilizoambatana na maelezo yake. Picha huvurugwa kidogo kidogo kwa chengachenga mpaka isitambulike, na programu hujifunza kurudi nyuma, kuondoa chenga hizo hatua kwa hatua. Ikishafuzu, mtu akiandika maneno yake, inaanza na chenga tupu na kuzisafisha kuelekea kwenye maneno hayo mpaka picha itokee. Mkusanyiko wa LAION-5B, ambao sehemu yake ilitumika kuifunza Stable Diffusion, una jozi bilioni 5.85 za picha na maneno zilizookotwa katika intaneti. Wenye picha hawakuulizwa. Wachoraji walio hai walijikuta majina yao yamekuwa maneno ya kuagizia, mtu anaandika jina la fulani na mtindo wake unatoka, na fulani huyo hajui, halipwi, na hana wa kumfuata jioni. Kampuni ya Getty Images ilifungua mashtaka dhidi ya waundaji wa Stable Diffusion mwaka 2023, lakini Getty ni kampuni kubwa yenye mawakili. Mchoraji wa Oysterbay ambaye kazi yake ilipigwa picha na mtalii, picha ikapandishwa mtandaoni, hana mawakili.

Kwa hiyo siidai mashine iache kuiga. Nasema uigaji wake hauna anayedaiwa.

Kuna mtu mmoja aliyelijaribu jambo hili kwa unyofu kuliko wote ninaowajua, na inasikitisha kwamba watu wengi wanaobishana leo hawajasikia habari zake. Harold Cohen alikuwa mchoraji Mwingereza mwenye sifa. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa walioiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice. Mwaka 1968 alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, akajifunza kuandika programu, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka kufa kwake mwaka 2016 akaijenga programu moja aliyoiita AARON. Zaidi ya miaka 40 na programu moja! Mwanzoni AARON ilichora mistari na maumbo yaliyofungwa, wakati mwingine kwa kigari kidogo kilichotambaa juu ya karatasi sakafuni. Katika miaka ya 1980 ikaanza kuchora watu na mimea. Baadaye ikapaka rangi.

AARON haikulishwa picha za watu wengine. Kila ilichojua aliiambia Cohen mwenyewe: mkono unaungana vipi na bega, jani linaota wapi kwenye tawi, umbo la mbele linalifunika vipi la nyuma. Yaani ili aifundishe mashine ilimbidi ajiulize yeye anajua nini juu ya kuchora, jambo ambalo wachoraji wengi hufa bila kujiuliza. Asubuhi angezikuta picha ambazo hakuzipanga, akazichagua, akazikataa, akaibadili programu. Na alipoulizwa ubunifu uko wapi, katika miaka yake ya mwisho alisema haumo ndani ya programu peke yake wala ndani yake peke yake, umo katika mazungumzo baina yao. Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi. Nalikubali karibu lote. Ninachoongeza ni kwamba katika mazungumzo yale ni mmoja tu aliyeweza kuona haya kwa picha mbaya.

Mmarekani David Cope alikwenda upande mwingine, nao unafundisha. Alikuwa mtunzi wa muziki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwama, nyimbo hazikumjia. Akaandika programu ya kuuchambua muziki na kutunga mwingine wa mtindo ule ule. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Oregon, hadhira ilipigiwa vipande vitatu kwa piano: kimoja cha Bach, kimoja cha mwalimu wa muziki Steve Larson aliyeuiga mtindo wa Bach, na kimoja cha programu ya Cope. Hadhira ikasema cha programu ndicho cha Bach, na cha Larson, binadamu aliyekuwa amekaa mle ukumbini, ndicho cha kompyuta. Kwa wengi huo ulikuwa ushahidi wa mwisho kwamba mashine imefika.

Lakini programu hiyo hiyo ilimtolea Cope nyimbo za ibada za mtindo wa Bach 5,000. Nani atazisikiliza 5,000? Mwishowe aliifuta hifadhidata ya programu hiyo. Bach aliandika nyimbo zake kwa kanisa lililokuwa linazisubiri Jumapili, kwa waimbaji aliowajua na ambao wakati mwingine walimkera. Zilikuwa na siku na mahali. Zile 5,000 hazikuwa na Jumapili yoyote.

Mabibi na mabwana, tuje kwetu kabisa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa visiwa vya Lamu, mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake utendi. Alikufa miaka michache baadaye. Tuuchunguze utendi ule kwa kipimo cha upya. Mizani ni ile ile ya tendi zilizomtangulia, mpangilio wa vina ni ule ule, karibu na mwanzo unamtaja Mungu na Mtume kama tendi nyingi zinavyofanya, na mwishoni unataja idadi ya beti na mwaka kama ilivyokuwa desturi. Nasaha nyingi zilizomo angeweza kuzitoa mama mwingine yeyote wa visiwa vile katika zama zile. Kwa kipimo cha upya peke yake, Mwana Kupona hapati alama nyingi.

Na bado umesomwa zaidi ya miaka 160, umechapwa, umefundishwa, na wanawake wasomi wa zama zetu wamebishana nao vikali juu ya utii kwa mume. Mtu habishani na kitu kisicho na msemaji. Tunabishana na Mwana Kupona kwa sababu alikuwepo, alijua mauti yako karibu, alikuwa na mtoto wa kike atakayebaki bila yeye, na akachagua, katika yote aliyoweza kumwachia, kumwachia haya. Kila ubeti ni uchaguzi wa mama mwenye muda mchache. Mashine leo inaweza kuandika utendi wa mama kwa binti. Ikijitahidi itapatia vina. Mizani huikosea mara kwa mara, maana programu za kuandika huyagawa maneno katika vipande ambavyo si silabi, na shairi la Kiswahili linasimama juu ya silabi. Kasoro hiyo itarekebishwa, sitaki hoja yangu itegemee udhaifu wa leo. Hata zikitimia mizani zote, binti hayupo, na mama hayupo.

Kuna wanafunzi walioniambia kwamba haya ni mambo ya maisha ya mtunzi, si ya kazi, na kwamba shairi zuri ni zuri hata usipojua limetoka wapi. Nawaelewa. Lakini mapokeo yetu hayakuwahi kulitenga shairi na anayelijibia. Muyaka bin Haji, Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19, alitunga katikati ya ugomvi wa Wamazrui walioutawala mji ule na Sultani Seyyid Said, na mashairi yake yalikuwa neno linalotaka jibu. Malumbano ya washairi ndiyo shule yetu kongwe: unatoa shairi, unajibiwa kwa bahari ile ile, unarudi. Katika miaka ya 1970 tulipogombana juu ya mashairi huru, Euphrase Kezilahabi alipoitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, alikuwa anakiuka kanuni ambazo Amri Abedi alikuwa amezipanga katika kitabu chake cha mwaka 1954. Kukiuka kanuni ni kazi rahisi, hata kete zikirushwa zitakiuka. Kilicholeta maana ni kwamba Kezilahabi alishambuliwa na akabaki na msimamo wake, akatoa sababu, akaandika tena. Na Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 kwa kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi, na gerezani akaandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi ya Sauti ya Dhiki. Aliyasema akijua neno linagharimu nini, kwa kuwa alikuwa ameshalilipia.

Sasa ifanyieni mashine jaribio hili. Iambieni iandike shairi, kisha iambieni ubeti wa tatu ni dhaifu, hata kama si dhaifu. Aghalabu itakubali. Itaomba radhi na kuleta ubeti mwingine, na mkisema ule wa kwanza ulikuwa bora itaomba radhi tena. Haijatetea neno hata moja. Mshairi ambaye hana neno asiloweza kuliachia bado hajatunga.

Niseme pia juu ya watu wanaoitumia mashine, maana baadhi yenu mnaitumia na sikuja kuwatukana. Kamera ilipozuka mwaka 1839 ilisemwa kwamba itaiua sanaa, na kwamba picha ya kamera ni kazi ya mwanga na dawa. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mpiga picha Sarony aliyempiga picha mwandishi Oscar Wilde, ikasema hakimiliki ni ya Sarony, kwa kuwa ndiye aliyempanga, akachagua vazi, mwanga na mkao. Naam, na mtumiaji wa programu aliyeamua mambo ya namna hiyo, aliyetupa mengi na kushika kidogo, na anayeweza kusimama hapa akatueleza kwa nini, huyo ni msanii na mashine ni kifaa chake. Jason Allen, aliyeshinda tuzo ya sanaa ya kidijitali katika maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022 kwa picha ya Midjourney, alisema aliiagiza na kuirekebisha mara 624. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani bado ilikataa kuisajili mwaka 2023. Mimi nisingetegemea hesabu ya maagizo kumkubali wala kumkataa. Ningemwomba anionyeshe alichokikataa na sababu zake.

Pale ambapo mtu anataka mashine yenyewe iitwe mtunzi, sheria inakataa, na inafanya vyema. Stephen Thaler aliomba hakimiliki ya picha akiitaja mashine kuwa ndiye mtunzi pekee. Mahakama ya Washington ilimkatalia Agosti 2023, na mahakama ya rufaa ikathibitisha Machi 2025. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamelifikiria jambo hili mapema: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni mtu aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi ipatikane. Inampa kazi mtu, na hilo ni jema. Wasiwasi wangu ni kwamba neno hilo la matayarisho ni pana mno. Aliyeandika maneno manne na kubonyeza kitufe atadai amefanya matayarisho, na wale ambao picha zao zilikusanywa hawatatajwa popote.

Tazama pia fedha za Edmond de Belamy zilikwenda wapi. Hazikwenda kwa fomula. Zilikwenda kwa vijana watatu wenye akaunti ya benki, waliokuwa wametumia programu iliyowekwa wazi na kijana wa Kimarekani, Robbie Barrat, aliyebaki akitazama kutoka pembeni. Malipo yanapokuja, mtu hupatikana haraka. Lawama inapokuja, ndipo tunaambiwa ni kazi ya mashine. Lazima tulikatae hilo, na wa kulikataa kwanza ni wenye mamlaka juu ya kurasa na tuzo.

Nawaomba wahariri wa kurasa za mashairi magazetini: msichapishe shairi ambalo mtunzi wake hayuko tayari kujibiwa katika toleo lijalo. Nawaomba waamuzi wa mashindano: kabla ya kutoa tuzo, mwiteni mshindani, mwacheni aieleze kazi yake kwa mdomo wake, na kama ametumia programu aseme ni wapi na kwa kiasi gani. Walimu, fanyeni vivyo hivyo darasani, wala msitegemee vifaa vinavyodai kuitambua kazi ya mashine. Muulizeni mwanafunzi. Na vyama vyetu vya wachoraji na waandishi vidai, kwa maandishi na kwa sauti moja, kwamba kazi ya mwanachama isilishwe kwa programu yoyote bila idhini na bila malipo. Chama cha Tingatinga ndicho ningependa kiwe cha kwanza.